Ini la Ngege

Ukimkaribisha Mwalimu kwako, usidhani angeketi kwanza aulize habari za watoto. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, macho kwenye mtungi wa maji. "Haya yamechemka?" Ukisema ndiyo, hakuridhika. "Yamechemka, au yamepata joto tu?" Ilibidi umweleze kwamba yalitokota, kifuniko kikachezacheza, na bado ukayaacha motoni. Hapo ndipo alipoketi. Chai hakunywa, kanisa lake la Jumamosi halikuipenda, kwa hiyo ulimpa hayo hayo maji yakiwa moto, na kipande cha ndimu kama unacho. Aliyanywa polepole, akakusifu mbele ya mume wako. Watu walionisifu maishani si wengi, na sifa zangu nyingi zilitoka kwake na zilihusu maji.

Alinifundisha sayansi katika shule ya msingi karibu na ziwa, upande wa Homa Bay. Nilipoacha shule nilianza kuanika omena, dagaa wa ziwa letu, ufuoni pamoja na mke wake, na hiyo ndiyo kazi tuliyofanya bega kwa bega mpaka nikaolewa huku Suna, Migori. Hata baada ya kuolewa sikuacha biashara. Nilirudi kununua mzigo, nikauleta Migori na mwingine ukafika Isebania, na kila nilipokwenda nilipitia kwake. Jina lake silitaji. Sote tulimwita Mwalimu, hata wavuvi ambao hawakuwahi kukaa darasani kwake, hata mke wake.

Kiswahili chake kilikuwa cha kujivunia. Mtaa mzima ulizungumza Dholuo, yeye akakujibu kwa Kiswahili cha redioni, akikusahihisha katikati ya sentensi kama vile bado umevaa sare. Mke wake alikuwa akimjibu kwa Dholuo bila haraka, na wakaelewana hivyo maisha yao yote. Mimi nilizoea kusema naye Kiswahili, na mpaka leo nikimkumbuka namkumbuka katika lugha hii, ndiyo maana nayaandika haya hivi.

Imani yake kubwa, ukiacha ile ya Jumamosi, ilikuwa moto. Nilipokuwa mdogo kipindupindu kilipita ufuoni kwetu, na kilipita vibaya. Kuna nyumba zilizobaki na mtu mmoja. Mwalimu alizunguka boma kwa boma akiwa na kiberiti kwenye mfuko wa shati, akaingia jikoni kwa watu bila kuombwa, akawasha moto mwenyewe na kutenga sufuria. Kisha akatutungia wimbo sisi watoto:

Moto chini, maji juu,
yatokote, yarukeruke,
mdudu hana pa kukimbilia.

Tuliuimba njiani, tukauimba nyumbani, mpaka mama zetu walichoka na kelele wakachemsha. Ugonjwa ukaisha. Kuna watu wazima leo, wenye wajukuu, wanaosema wako hai kwa sababu ya wimbo ule, na sioni sababu ya kuwapinga. Mtu akishaokoa kijiji kwa sufuria, ni vigumu kumwambia kuna kitu sufuria haiwezi.

Lakini nisimfanye malaika. Alikuwa mchoyo wa kuni. Mke wake alipopika ugali, Mwalimu alipita nyuma yake akivuta vijiti nje ya jiko ili visiungue bure, kisha sufuria ya maji ikiwekwa tu, anarudisha kuni zote na kuongeza zake. Alichukia uongo, akatuadhibu kwa uongo mdogo kuliko wote, lakini kwenye ajua, ule mchezo wetu wa kete na mashimo, aliiba kete mchana peupe na kukuangalia usoni. Wazee wenzake walijua na walimwacha aibe, maana akishindwa alinuna siku nzima. Aliishi hatua chache kutoka ziwani na hakujua kuogelea. Maji yakimfika magotini alianza kuzungumza na Mungu.

Mumi na kamongo hakugusa kwa sababu hawana magamba, na kanisa lake lilihesabu samaki wa namna hiyo kuwa najisi. Ngege, ambaye wengine humwita sato au tilapia, alikuwa na magamba, kwa hiyo alikuwa safi. Alilisema hilo mara nyingi, kidole juu.

Na meza yake niliifahamu vizuri, kwa sababu nimekula pale mara nyingi kuliko nilivyokula kwa shangazi zangu. Ngege alipikwa mzima, na ndani yake waliacha ini na yale mafuta ya tumbo, wakatoa nyongo tu na uchafu. Samaki akifika mezani, Mwalimu aliomba, akanawa tena ingawa alikuwa amenawa, kisha akamfungua ngege tumboni kwa kidole gumba na kulitoa ini. Hakulila. Alilipeleka moja kwa moja kwenye sahani ya mke wake. "Vitamini A, Mama watoto. Kwa macho yako."

Macho ya Mama watoto yalikuwa mabovu tangu ujana. Omena alizichagua kwa kugusa zaidi kuliko kuona, na jioni ilikuwa lazima umshike mkono penye mawe. Mwalimu alikuwa amesoma mahali, na alitufundisha hivyo hata sisi, kwamba ini lina kitu kinachosaidia macho. Basi akaamua kwamba maini yote yatakayoingia katika nyumba ile ni ya mtu mmoja. Hakuwa mtu wa kumwambia mkewe maneno matamu. Sikuwahi kumwona akimnunulia kitambaa wala kumsifu mbele za watu. Alimpa ini, kila samaki, miaka yote, na alikaa akimtazama mpaka amelimeza. Wakati ule nilikuwa msichana, nikaona hayo ndiyo mapenzi, nikaapa nitakayeolewa naye awe wa kunipa ini. Aliyenioa anakula mpaka kichwa peke yake, lakini hiyo ni habari nyingine.

Siku moja tukianika omena juu ya nyavu, mimi na Mama watoto, nilimwambia ana bahati. Alicheka mpaka akakaa chini mchangani.

"Hilo ini?" aliniambia kwa Dholuo. "Mwanangu, silipendi hata kidogo. Ni chungu, na linanuka matope. Tangu niolewe nalimeza kama dawa."

"Na kwa nini humwambii?"

Alipangusa mikono kwenye leso. "Umewahi kuuona uso wake akinipa? Uangalie siku moja. Halafu uniambie kama wewe ungemwambia."

Nikauangalia siku iliyofuata. Sikumwuliza Mama tena.

Ziwa letu limebadilika rangi, hilo halihitaji mtaalamu. Zamani ukijani ulikuja kidogo, ukapita na upepo. Siku hizi, jua likikaa na upepo ukitulia, ghuba inakuwa nzito, kijani kama rangi ya kupaka mlango, na inanuka. Mashua ikipita inaacha njia nyuma yake. Watoto wakioga wanatoka na vipele. Samaki wengine huja juu wakihema, wamelegea, ukiwa na beseni unawachota bila nyavu, na watu waliwachota, maana ni nani atakataa samaki aliyejileta? Wakamwuliza Mwalimu kama ni salama. Aliwaambia wampike mpaka jicho liwe jeupe, wachemshe mchuzi upungue nusu, na hakuna mdudu atakayebaki. Nyumbani kwake walipika hivyo hivyo. Na ini likaenda lilikozoea kwenda.

Miaka michache iliyopita akaja binti mmoja wa serikali, wa mambo ya samaki na maji. Wenyeji walikusanyika kwenye banda la wavuvi, nami nilikuwa nimekuja kununua mzigo. Alikuwa mdogo, sauti yake ndogo pia, lakini alizungumza kwa adabu na hakusoma kwenye karatasi.

"Wazee wangu, mama zangu, hii kijani si uchafu tu. Ni mwani, na kuna aina inatoa sumu. Samaki wakiila, sumu inakaa sana kwa ini na kwa matumbo. Naomba mtoe hizo zote, mtupe, nyama muoshe na maji safi. Wale wanakuja juu wakiwa wamelegea, msiwale kabisa. Na maji ya kijani msichote, hata ya kuchemsha."

Sitadanganya, mimi nilikasirika kabla ya Mwalimu. Mimi ni mtu wa omena, na omena huliwa nzima, na tumbo lake. Nikaona ananifungia biashara. Lakini Mwalimu ndiye aliyesimama.

"Binti yangu," alisema, "unatuambia kwamba moto umeshindwa?"

"Moto unaua mdudu, Mwalimu. Hii sumu si mdudu. Haina uhai, kwa hivyo hata uchemshe aje, haifi. Tena ukichemsha maji yenye huo mwani, unapasuka, sumu inatoka zaidi."

Nilimwona Mwalimu akitafuta jibu na kulikosa, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kisha akafanya alichojua. Akapiga makofi mara mbili kama darasani na kuanza, "Moto chini, maji juu." Watu wote tukadakia. Wavuvi, wanawake wenye karai za omena vichwani, mzee mwenyekiti mwenyewe, sote tukaimba na kucheka mpaka mwisho. Yule binti alisimama akingoja, akitabasamu kwa shida. Tulipomaliza alisema, "Asanteni," akakusanya vitu vyake. Alipopita karibu na mke wa Mwalimu aliinama akamwambia jambo, na Mama akaitikia kwa kichwa. Sijui aliambiwa nini. Najua jioni ile walikula ngege, kwa sababu ndimu za kumkamulia niliwauzia mimi.

Aliyeona macho ya Mama yamegeuka ya manjano alikuwa Mwalimu mwenyewe. Angeyakosaje, aliyakagua kila siku. Kwanza alidhani ni malaria. Kisha tumbo likaanza kujaa na miguu ikavimba, na Mama, ambaye hakuwahi kukaa chini mchana, akawa anaomba mkeka. Mdomoni mwake pombe haikuwahi kuingia. Watu walianza kunong'ona mambo yao ya kurogwa, na Mwalimu aliwafukuza kwa fimbo. Wakaenda hospitali, wakapimwa, wakatumwa hospitali kubwa, wakapimwa tena. Ini lake lilikuwa limeharibika.

Nilikuwepo siku ile daktari alipoeleza, kwa sababu binti yao anayefundisha Kehancha alichelewa na Mwalimu hakutaka kuingia peke yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia magotini. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake kilekile kilichonyooka, kama ini la samaki wa maji ya kijani, likiliwa miaka mingi, linaweza kumfikisha mtu pale.

"Inawezekana, mzee," daktari alisema. "Lakini pia inaweza kuwa virusi. Inaweza kuwa mahindi yameshika ukungu. Kuna vitu mingi inaharibu ini. Mimi siwezi kukuambia ni hiyo."

"Wala huwezi kuniambia si hiyo."

"Hapana. Hiyo pia siwezi."

Mwalimu alikuwa mtu wa kalamu nyekundu. Maisha yake yote aliweka alama ya sahihi au ya kosa, na mtoto akileta jibu la katikati alimrudisha akafikiri upya. Angeambiwa ni kosa, nadhani angelibeba. Alipewa jibu la katikati, naye hakuwa na pa kulirudisha. Tulitoka nje, akasimama karibu na bomba la maji la hospitali na kulitazama likidondosha matone, mpaka nikamshika mkono.

Mama alikaa kitandani majuma machache baada ya hapo. Nilimtembelea. Alikuwa amekonda uso, tumbo kubwa, na bado aliniuliza bei ya omena Migori. Mwalimu alikuwa akimpikia mwenyewe. Kuku, mboga, uji. Samaki hakuingia tena ndani ya nyumba. Mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Ameacha kunipa ini," na sikujua kama alikuwa akinitania au akilalamika. Sasa nafikiri alikumbuka kule kupewa. Nililia njia nzima mpaka Migori, na sioni haya kulisema.

Tukamzika. Na hapo watu wetu, kwa wema kabisa, walimfanyia Mwalimu jambo ambalo singelitakia hata adui yangu. Baada ya hotuba, wanafunzi wake wa zamani walijipanga mbele ya jeneza, watu wenye mvi, wengine wamekuja na magari, wakasema wanataka kumheshimu Mwalimu na kumfariji. Wakaimba. Moto chini, maji juu. Waliimba vizuri, kwa sauti nne, walikuwa wamefanya mazoezi. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya magoti, na kila mstari ulipofika kichwa chake kilishuka kidogo. Walipomaliza walimpigia makofi. Alisimama na kuwashukuru, mmoja mmoja, kwa majina, maana hakusahau jina la mwanafunzi.

Baada ya mazishi alianza kuzunguka tena boma kwa boma, safari hii bila kiberiti. Alisimama mlangoni na kusema, "Nilikosea. Maji ya kijani msiyachemshe, yamwageni. Nendeni kwenye kisima, au mngoje mvua. Matumbo ya samaki mtupe. Ini mtupe." Na alisema "nilikosea" kwa sauti ya juu, yeye aliyekuwa akiiba kete na kukuangalia usoni. Watu walimpa kiti. Walimpa maji moto na ndimu. "Mwalimu, wewe ulituokoa," walimwambia. "Usijilaumu, ni uchungu tu." Wakamsindikiza mpaka njiani, wakarudi wakatenga sufuria. Wachache walimsikia. Mimi ni mmoja wao. Ghuba ikiwa kijani sinunui omena za karibu, nangoja zinazovuliwa mbali, upande wa visiwani, na wateja wangu wanalalamika kwamba nachelewesha.

Alikwenda hata shuleni. Walimu vijana walimruhusu, wakawapanga watoto chini ya bendera. Alikuwa ametunga ubeti mpya wa ule wimbo, kuhusu maji ya kijani. Watoto walijaribu. Maneno yalikuwa mengi kuliko nafasi, kila wakifika "usiyachemshe, yamwage" wanayakimbiza na kugongana. Mwalimu aliwaelekeza tena na tena kwa uvumilivu, mkono ukipiga hewani. Mwishowe kengele ililia, watoto wakatawanyika wakiimba ule wa zamani. Aliyenisimulia hayo ni mwalimu mkuu, na alisimulia akicheka kidogo, si kwa ubaya.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwaka huu, kwangu Suna. Alikuwa akienda Kehancha kumwona binti yake, akapita kunisalimia. Amezeeka ghafla, suruali imefungwa kwa mkanda wenye matundu mapya. Nilikuwa tayari na jibu langu. Maji yalitoka kisimani, yalitokota, kifuniko kilicheza. Nikamwekea kikombe mbele yake nikangoja.

Alikunywa. Hakuuliza kitu. Aliuliza habari za watoto.

Nilikuwa nimempikia ngege wa bwawa, wa jirani yangu anayefuga, si wa ziwa. Nilimwambia hivyo kabla sijafunua sahani. Akaitikia, akaomba, akanawa tena ingawa alikuwa amenawa. Kisha kidole gumba kikaenda chenyewe tumboni mwa samaki, kikapekua, kikazunguka. Hamkuwa na kitu. Nilikuwa nimemwosha mpaka akawa mweupe.

"Umelitoa," alisema.

"Nimelitoa, Mwalimu. Siku hizi natoa yote."

"Vyema. Ndivyo inavyotakiwa." Lakini mkono haukurudi. Ulibaki pale juu ya meza, vidole vimeshikana kama vimebeba kitu, umeelekea kushoto kwake, kwenye kiti kitupu. Niliangalia pembeni.

"Nimejiuliza sana," alisema. "Daktari hawezi kuniambia, na yule binti niliyemwimbia sikujua hata anatoka wapi nimfuate. Pengine nilimlisha mimi, kwa mkono huu. Sitajua. Lakini kuna jambo moja ninalishika, nikilala na nikiamka. Kwamba kila siku alikula kitu alichokipenda." Akainua macho. "Ninyi mlikaa pamoja ufuoni miaka mingi. Wanawake huambiana mambo. Alilipenda, sivyo?"

Alikuwa akinitazama kama alivyotutazama darasani, akingoja jibu, na alikuwa mtu wa kuugundua uongo kabla hujamaliza kuusema. Nilimkumbuka Mama mchangani, akicheka, akipangusa mikono. Nikauangalia uso wa Mwalimu, kama Mama alivyoniambia niuangalie.

"Alilipenda sana, Mwalimu," nilisema. "Alikuwa akiniringia nalo."

Aliendelea kunitazama. Kisha akashusha mkono, akakata tonge, akachovya kwenye mchuzi. Alimmaliza samaki yule, akabakiza mifupa.